Mahudhurio yanapotea mtandao ukikatika

Mdogo wangu, nimekuelewa: programu yako ya mahudhurio inakubali vizuri hapo chuoni Mbeya, ila ukiipeleka shuleni huko Rungwe mtandao unakatika na majina hayahifadhiwi. Usihame Firestore, hifadhidata ya mtandaoni ya Google unayotumia, kwa hilo. Kwenye Android, Firestore yenyewe hutunza data ndani ya simu na kuituma mtandao ukirudi. Angalia kama unaandika kwa runTransaction, amri inayosoma na kuandika kwa pamoja kupitia seva. Hiyo bila mtandao hushindwa. Tumia set, amri ya kawaida ya kuandika, na usimsubirishe mwalimu jibu la seva. Muwekee alama ya "bado haijatumwa", kisha zima data ujaribu mwenyewe.

Usivute orodha ya shule nzima kila skrini ikifunguka. Kila mwanafunzi anahesabika kama usomaji mmoja, na Firestore hutoa bure usomaji 50,000 tu kwa siku.

Kinachonitisha zaidi ni zile kanuni za usalama za Firestore, zinazoamua nani asome data, ulizoacha kwenye hali ya majaribio (test mode). Yeyote anaweza kusoma majina ya watoto wa watu! Zifunge leo, kila mwalimu aone darasa lake tu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo tumia majina ya kubuni mpaka msimamizi wako na mkuu wa shule waridhie kwa maandishi.