Rekodi zangu za afya nizihifadhi wapi?

SWALI: Shikamoo, mhariri wa ukurasa wa afya. Mimi ni msichana wa miaka 17, naishi Marekani chini ya malezi ya kambo, yaani nalelewa na familia nilizopangiwa na ustawi wa jamii, na nikitimiza miaka 18 nitaanza kujitegemea. Nimepita katika nyumba tano, na kila nilipohama karatasi zangu za hospitali zilibaki nyuma. Majuzi nilibanwa na pumu. Daktari aliponiuliza natumia dawa gani, nilimweleza rangi ya pampu tu, maana jina silijui. Rafiki yangu, ambaye hana makazi ya kudumu, ananishauri niweke kila kitu kwenye simu. Je, ikiibwa au mtu akiisoma, itakuwaje?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hilo la rangi ya pampu limenigusa, kwa sababu mtoto anayekulia mahali pamoja huwa na mtu wa kumkumbukia mambo hayo, ilhali habari za mwili wako zimetawanyika kwa kila aliyewahi kukulea.

Kabla ya simu, idai haki yako. Sheria ya Marekani ya mwaka 2014 inataka kijana anayetoka kwenye malezi akiwa na miaka 18 au zaidi, ikiwa alikaa humo angalau miezi 6, akabidhiwe nakala ya rekodi zake za matibabu pamoja na cheti cha kuzaliwa, kadi ya Social Security (yenye namba yako ya hifadhi ya jamii), taarifa za bima ya afya na kitambulisho. Usingoje siku ya kuondoka. Mwandikie ofisa wako wa ustawi wa jamii sasa. Ukishafika miaka 18 unaweza pia kuziomba hospitali moja kwa moja, nazo kwa kawaida hupewa siku 30 za kukujibu chini ya sheria ya Marekani ya faragha ya taarifa za afya, iitwayo HIPAA. Ukizipata, zisome. Mtoto aliyehamahama huweza kuandikiwa ugonjwa ambao hakuwahi kuwa nao, na maneno hayo yakamfuata miaka mingi. Una haki ya kuomba yarekebishwe.

Sasa simu. Rekodi zisikae ndani yake peke yake, bali katika akaunti ya mtandaoni unayoweza kuifungua hata kwa kompyuta ya maktaba. Kinachowakwamisha vijana wasio na makazi mara nyingi ni jambo linaloonekana dogo: neno la siri limesahaulika, namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini iliyokwisha kufungwa, na akaunti haifunguki tena. Kwa hiyo chapisha kwenye karatasi namba za dharura za kufungulia akaunti, umwachie mtu mzima unayemwamini, na barua pepe utakayotumia iwe yako mwenyewe, si ya mlezi wala ya shule.

Hofu yako ya kusomwa ni ya haki. HIPAA inazibana hospitali, madaktari na kampuni za bima, lakini programu nyingi ambazo mtu hujipakulia haziguswi nayo, hivyo angalia kwanza kama programu unayoitaka inaruhusiwa kuwapa wengine taarifa zako. Mimi ningetenganisha mambo mawili. Ukurasa mmoja uwe wa kuonyeshwa daktari yeyote: dawa na vipimo vyake, mzio, tarehe za chanjo, magonjwa ya kudumu na mtu wa kupigiwa simu. Habari za afya ya akili na ya uzazi zikae kwingine, chini ya neno la siri usilompa mtu, hata mpenzi.

Na usiiache bima ikatike: aliyekuwa kwenye malezi na kwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, alipofikisha miaka 18 anaweza kubaki nayo hadi atimize 26.

Leo hii, chukua pampu yako, piga picha ya lebo yake kwa karibu mpaka jina la dawa na kipimo visomeke vizuri, kisha ujitumie picha hiyo kwa barua pepe. Rekodi yako imeanza.