Maswali na Majibu: Bakteria wa Utumboni Hula Nini?

Barua za wiki hii zinahusu bakteria wanaoishi matumboni mwetu, ambao kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 hufikia trilioni 38 kwa mtu mzima wa wastani, walio wengi wakiwa katika utumbo mpana.

Swali: Naomba kufahamishwa, chakula huwafikiaje bakteria hao ilhali mwili hukimeng'enya na kukifyonza wenyewe?

Jibu: Swali hili linagusa kiini cha jambo lenyewe. Sukari, mafuta, protini na sehemu kubwa ya wanga humeng'enywa na kufyonzwa katika utumbo mwembamba, kwa hiyo kinachofika chini ni kile ambacho mwili umeshindwa kukivunja, hasa nyuzinyuzi za mimea. Bakteria wana vimeng'enya ambavyo sisi hatuna. Wanapozichachusha nyuzinyuzi hizo hutoa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi, yaani asetati, propionati na butirati, na hii ya mwisho ndiyo nishati kuu ya seli zilizotanda kwenye ukuta wa utumbo mpana. Seli hizo zinapoiunguza butirati hutumia oksijeni nyingi, na kwa njia hiyo huuacha utumbo ukiwa karibu hauna oksijeni kabisa, hali inayowafaa bakteria wetu wa kawaida na kuwabana baadhi ya waleta maradhi, kama vile Salmonella.

Nyuzinyuzi zikikosekana, bakteria hawakai tu wakafa njaa. Wapo wanaogeukia ute unaolinda ukuta wa utumbo na kuula. Katika majaribio ya panya walionyimwa nyuzinyuzi, tabaka la ute lilizidi kuwa jembamba na vimelea vya maradhi vikaufikia ukuta kwa urahisi zaidi. Panya si binadamu, lakini mantiki ya jambo hili ni ya kutiliwa maanani. Protini nayo, ikiliwa kwa wingi hadi sehemu yake ifike utumbo mpana, huchachushwa na kutoa amonia na sulfidi ya hidrojeni, ambazo utumbo hauzihitaji kwa wingi.

Swali: Nikibadilisha mlo leo, mabadiliko yataanza lini?

Jibu: Ndani ya siku chache. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 nchini Marekani, watu waliokula nyama, mayai na jibini pekee kwa siku 5 walionekana kuwa na bakteria wengi zaidi wanaostahimili nyongo, kama Bilophila, kwa sababu mafuta mengi huita nyongo nyingi, na sehemu yake huteremka hadi utumbo mpana. Wakati huohuo bakteria wanaovunja vyakula vya mimea walipungua. Waliporudia mlo wao wa kawaida, hali ya awali ilirejea upesi vilevile. Ndiyo maana sioni faida ya ile milo ya wiki moja inayouzwa kwa jina la kusafisha tumbo.

Swali: Kila nikila maharage tumbo hujaa gesi. Je, niyaache?

Jibu: La, hasha. Gesi hiyo hutokana na bakteria kuchachusha sukari kama rafinosi na stakiosi, ambazo mwili hauwezi kuzimeng'enya. Loweka maharage, mwaga maji hayo, anza na kiasi kidogo, kisha ongeza polepole kwa wiki kadhaa. Ukiwa na maumivu makali, damu katika choo au ukikonda bila sababu, mwone daktari.

Swali: Je, vidonge vya probiotiki, yaani vyenye bakteria hai, vyaweza kushika nafasi ya chakula bora?

Jibu: Haviwezi. Hata baada ya kutumia antibiotiki, wakati ambapo watu wengi huvikimbilia, utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba vilichelewesha kurejea kwa bakteria wa asili wa mhusika. Vyakula vilivyochachushwa ni habari nyingine. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford lililochapishwa mwaka 2021, lililohusisha watu wazima 36, waliokula mtindi na vyakula vingine vya jinsi hiyo kwa wiki 10 waliongezewa aina za bakteria, na viashiria vya uvimbe (yaani mwitiko wa kinga ya mwili) vinavyopimwa katika damu vikapungua. Kundi la pili la jaribio hilo, lililokula nyuzinyuzi nyingi, halikupata ongezeko kama hilo la aina za bakteria kwa muda huo, jambo lililowashangaza wengi. Huenda bakteria wanaohitajika kuzivunja walikuwa wachache tangu mwanzo. Mimi ningekula vyote viwili.

Swali: Mtoto anayenyonya tu hali nyuzinyuzi, bakteria wake hula nini?

Jibu: Hula maziwa yaleyale. Maziwa ya mama yana sukari changamano za aina nyingi ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya, ingawa miongoni mwa viambajengo vikavu vya maziwa hayo, ni laktosi (sukari kuu ya maziwa) na mafuta pekee vinavyozizidi kwa wingi. Sukari hizo hupita hadi utumbo mpana na kuwalisha bakteria wa jamii ya Bifidobacterium, ambao hutoa asidi inayowazuia wengi wa waleta maradhi kustawi.