Shamba la Kupewa, Ruzuku ya Serikali na Mpaka Usiofutika

Swali: Halmashauri ya mji wetu mdogo hapa Marekani inakusudia kuomba ruzuku ya Mfuko wa Uhifadhi wa Ardhi na Maji ili kujenga njia ya matembezi kando ya mto. Mkazi mmoja yuko tayari kutupatia bure shamba linalopakana na mto huo. Je, thamani ya shamba hilo yaweza kuhesabiwa kuwa mchango wetu? Na je, hapo baadaye tunaweza kumega pembe moja ya eneo hilo tujenge kituo cha zimamoto?

Jibu: Mfuko huu, ulioanzishwa kwa sheria ya 1964 na kupata fedha zake hasa kutokana na mapato ya mafuta na gesi ya baharini, kwa kawaida hulipa hadi asilimia 50 ya gharama, nayo nusu iliyobaki huwa juu ya mwombaji. Ardhi ya kupewa yaweza kuingizwa katika nusu hiyo, mradi thamani yake ithibitishwe na mthamini kwa kufuata kanuni za serikali kuu, na hati isihamishwe kabla mradi haujaidhinishwa. Hapo ndipo halmashauri nyingi hujikwaa: mtoa shamba ana hamu, wakili yuko tayari, hati inasainiwa mapema, na mchango unapotea. Ikiwa mwenye shamba hawezi kusubiri, ombeni kwanza kwa maandishi, kupitia ofisi ya jimbo inayosimamia ruzuku hizi, kibali cha kupokea ardhi mapema. Kumbukeni pia kwamba mfuko huwarejeshea fedha baada ya ninyi kuzitumia, hivyo ni lazima muwe na za kuanzia.

Swali la pili ndilo zito zaidi. Kifungu cha 6(f)(3) cha sheria hiyo kinataka eneo lililopata ruzuku libaki la burudani za nje kwa umma daima, si kwa miaka 20 wala 50. Kituo cha zimamoto ni kubadilisha matumizi, na hakiruhusiwi bila idhini ya serikali kuu, ambayo hutolewa tu mkileta ardhi nyingine yenye thamani ya soko isiyopungua ile ya kwanza na manufaa yanayolingana nayo. Sharti hili hufuata ramani ya mpaka inayoambatishwa kwenye mkataba. Aghalabu ramani hiyo huzunguka bustani nzima, hata kama fedha zimejenga njia peke yake, na shamba likihesabiwa kuwa mchango nalo litakuwamo.

Kwa hiyo, amueni sasa. Kama kituo kitahitajika kweli, mwombeni mwenye shamba aitenge pembe hiyo kwa hati yake mbali, kisha mthamini asiihesabu na mchora ramani asiiingize. Mchango wenu utapungua kidogo, lakini ni nafuu kuliko kutafuta ardhi mbadala baadaye.