Maswali ya Shamba: Jioni Mbili za Mvua Hazifanyi Msimu

Mvua imenyesha jioni mbili mfululizo na majirani wameshaanza kupanda mahindi. Nami nipande? (Newala)

Usipande bado. Swali hili huja kila Novemba, na kila Januari wale wale huja kuulizia mbegu nyingine. Chukua jembe, uchimbe katikati ya shamba, si chini ya mkorosho wala karibu na nyumba. Udongo ukiwa umelowa mpaka kina cha kiganja na nusu, na ukiufumbata unashikana, mvua imeingia. Ukikuta vumbi chini ya tope, acha mbegu ndani ya nyumba.

Udongo wetu wa kichanga huku juu Makonde hunywa maji upesi na kuyapoteza upesi. Mbegu huvimba, huchipua, kisha jua la siku chache huimaliza. Na sisi wa Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Tanga, kwamba ukiharibu moja uisubiri nyingine. Hata mvua ikiingia kweli, usimalize shamba lote kwa siku moja. Gawa mafungu mawili au matatu, kwa sababu katikati ya msimu, Januari au Februari, mvua huweza kukatika. Na chakula cha nyumbani kisitegemee mahindi peke yake. Panda muhogo.

Mvua itaanza lini mwaka huu? (Lindi)

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili kabla mvua hazijaanza, na hutaja mikoa yetu kwa majina. Usome kabla ya kuuliza.

Nimefyeka shamba. Nichome takataka ili mvua ikija nikute pasafi? (Masasi)

Hapana, na nimeshalisema hili mara nyingi. Panga masalia kukingama mteremko. Yatavunja nguvu ya matone na kutunza unyevu ule ule unaoulilia. Moto wa Oktoba na upepo wake haujui mpaka. Mkorosho hukaa karibu miaka mitatu kabla ya kutoa korosho za kwanza, na jioni moja ya uzembe wako inaweza kuunguza mikorosho ambayo jirani amesomeshea watoto.

Korosho bado zinaanguka na mawingu yameshajikusanya. Nifanye nini? (Tandahimba)

Okota kila siku, usingoje Jumamosi. Tenga korosho na mabibo siku hiyo hiyo, anika juani kwenye mkeka au sakafu safi mpaka zikitikiswa zigongane kwa sauti kavu. Mawingu yakitanda, zianue. Weka kwenye magunia ya katani, kamwe si ya plastiki, na chini yake utandike mbao. Korosho iliyolowa hupata madoa, na kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) itashushwa daraja. Usiilaumu AMCOS kwa kosa lililofanyika uani kwako.

Mwanangu yuko Finland. Anasema wakulima wa huko hungoja theluji iyeyuke ndipo walime. Je, ikishayeyuka wanapanda kesho yake? (Mtwara Mikindani)

Hapana, mama. Theluji ikiondoka, udongo hubaki na baridi na umejaa maji. Trekta ikiingia mapema inaushindilia, na mbegu huoza. Hungoja ukauke na upate joto, ndiyo maana kusini mwa nchi ile nafaka nyingi hupandwa Mei. Wa Newala asome jibu hili pia: wao na sisi tunauliza udongo.

Nina bati mita za mraba 40 na sina pa kuhifadhia maji. Inafaa kununua tangi? (Newala)

Inafaa sana. Mvua ya milimita 10 tu juu ya bati hilo ni lita 400, ukiondoa kidogo kinachopotea. Funga mifereji sasa, kabla ya mvua. Maji ya mvua ya kwanza yaache yamwagike, yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe, vinginevyo utafuga mbu. Kama fedha ni ya tangi au ya mbegu ya kurudia kupanda, anza na tangi.