Jibu: Mdogo wangu ameitwa mahojiano ya Shahada ya Biashara, ajiandae vipi?

Dada, umesema mdogo wako ana B- ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na C ya Hesabu, na chuo kimoja cha binafsi hapa Nairobi kimemwita. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo misimu kadhaa, wacha nikuambie tunachotafuta.

KUCCPS, shirika la serikali la kuwapangia wanafunzi vyuo, haimhoji mtu, hupanga wanafunzi kwa alama na chaguo zao. Chuo kikimwita mtoto ana kwa ana, basi alama kimeshaziona. Kinataka kumsikia akifikiri.

Wengi huja na hotuba: "Tangu utotoni nimetamani kuwa mjasiriamali." Tumeisikia tangu asubuhi, na mzazi aliyeitunga yuko kwenye benchi nje. Mimi huikatiza kwa swali: mama anayeuza nyanya mtaani kwenu, faida yake ni ipi? Wengi huchukua bei ya kuuza, wakatoa ya kununua, wakanyamaza. Kuna msichana aliyeomba karatasi. Akaandika kreti kutoka soko la Marikiti, nauli, mtu wa mkokoteni, nyanya zilizopondeka njiani, hata pesa za kuwatuliza kanjo, wale askari wa kaunti. Kisha akatuuliza sisi: "Na jioni akishusha bei ili zisilale, nihesabu kwa bei gani?" Mwenyekiti wa jopo akaanza kukokotoa naye. Mwishowe binti alikosea kugawanya. Tulimchukua.

Kijana mmoja mwenye A- nilimuuliza wakala wa M-Pesa anakula wapi. Akajibu, "Anakata pesa za mteja." La hasha! Hulipwa kamisheni, na kinachomuumiza kichwa ni kusawazisha floti, yaani salio lake la M-Pesa, na pesa taslimu, maana mishahara ikiingia kila mtu anatoa, droo inabaki tupu huku floti imejaa kwenye simu. Na kijana huyo alikuwa akipita hapo kila siku!

Kwa hivyo zile karatasi za maswali na majibu zinazouzwa, aachane nazo. Akae na mwenye kibanda siku nzima, aulize deni la wateja hulipwa lini na bidhaa gani inalala.

Ile C ataulizwa tu. Aseme mada zilizomshinda na anafanya nini sasa, asianze kumlaumu mwalimu. Wakimuuliza kama ana swali, aulize wanafunzi hupelekwa wapi kwa mafunzo ya kazini. Chuo kikibabaika hapo, nanyi mfikirie upya hiyo karo.

Suti ya kuazima si lazima. Nawe msindikize hadi langoni, halafu urudi nyumbani.