Kichwa cha reli tatu kikipanda reli mbili kinapiga shoti, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi fundi. Niko Hamburg, juzi nimeokota kwenye soko la mitumba kichwa cha treni ya kuchezea cha Märklin, kampuni ya Ujerumani, ile dizeli nyekundu V 200, cha zamani, kizito kweli. Sasa nyumbani mimi na kijana wangu tuna reli mbili za kawaida za DC, nikikiweka tu transfoma inakata. Jamaa kaniambia ning'oe kile kidude kinachoburuta chini, basi, itatembea. Kweli?

JIBU: Salama ndugu yangu, na hongera, hicho ni chuma cha maana. Kidude utakitoa ndio, ila shoti itabaki palepale. Kwa Märklin umeme unaingia kupitia vichomozo vidogo vya katikati, ndiyo reli ya tatu, kidude kinavifuata, halafu unarudi kwa reli zote mbili za pembeni, kwa hiyo wao hawajali magurudumu ya kushoto na kulia yakiunganishwa na ekseli ya chuma. Kwako reli moja ni chanya nyingine hasi, ekseli moja tu ya namna hiyo inaziunganisha na transfoma inakata. Kwa hiyo anza na magurudumu! Tafuta spea zilizotengwa upande mmoja, yaani gurudumu moja lisipitishe umeme kwenda kwenye ekseli, Märklin wenyewe waliwahi kuuza vichwa vya reli mbili kwa jina la HAMO na siku hizi Trix, kampuni ya treni za reli mbili, ni yao, kwa hiyo spea za aina hiyo zipo. Upana wa njia ni uleule, 16.5 mm, lakini magurudumu ya zamani ya Märklin yana ukingo mrefu na yamekaribiana zaidi, ukiyaacha yatakurukia kwenye swichi za reli, pale njia zinapogawanyika. Bahati yako V 200 haina vyuma vya kuunganisha magurudumu kwa nje kama ya mvuke, ile ingekutesa, maana ukitenga gurudumu pale kwenye ekseli, chuma cha nje kinagusa silinda na shoti inarudi.

Upande usiotengwa unapeleka umeme kwenye fremu. Upande wa pili weka vipande vyembamba vya shaba vinavyogusa magurudumu kwa nyuma, uvikalishe juu ya plastiki visiguse fremu kabisa, chomea waya kwa risasi mpaka kwenye kaboni ya mota. Gurudumu lenye mpira usilitegemee kuchukua umeme.

Halafu mota, hapa ndipo wengi wanashangaa. Haina sumaku ya kudumu, ina koili, na relei ndani, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inachagua koili ipi ukipiga pulsi, mshtuko mfupi wa umeme, ya 24 volti ili kichwa kirudi nyuma. Ukiipa DC itazunguka vizuri tu, ila ukibadili chanya na hasi haitageuka, kwa sababu koili na rota, ile sehemu inayozunguka, vinabadilika kwa pamoja. Toa koili na relei, weka sumaku ya kudumu yenye umbo lilelile, zinauzwa, ila angalia kwanza komyuteta yako, pale kaboni zinapogusa rota, ni bapa au ya duara kama kopo, sumaku zake hazifanani.

Kabla hujawasha pima kwa multimita kutoka gurudumu la kushoto mpaka la kulia, ekseli moja moja, mota ikiwa imechomolewa, isipige mlio hata mara moja. Na ile transfoma ya zamani ya AC ya Märklin, kama unayo, usiitumie kwenye reli zako za DC, pulsi yake itaua mota za vichwa vingine vya kijana.