Damu ilipimwa malaria ikaonekana safi, mgonjwa kaumwa malaria siku 10 baada ya kuongezewa damu hiyo: inawezekanaje?

Mkuu, inawezekana kabisa, na wala si lazima mtu wa maabara awe amezembea.

Vipimo vya lazima kwa damu ya kuchangia ni VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Malaria mara nyingi haimo. Hata ikipimwa, piga hesabu. Kwenye tone nene la damu chini ya hadubini, ukisoma fildi 100 (yaani sehemu 100 zinazoonekana) kwa lensi ya mafuta unakuwa umeona kama robo tu ya mikrolita moja. Mtu mzima aliyekulia Tabora, Kagera au Mtwara anaweza kutembea na kimelea kimoja kwa mikrolita, hana homa, anapiga kazi zake. Utakiona wapi? Lakini chupa ya damu ina mililita 450, yaani mikrolita 450,000. Hicho kimoja kimoja kimeshakuwa laki nne na nusu.

mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, ndiyo inachanganya zaidi. Inahitaji kama vimelea 100 hadi 200 kwa mikrolita ili mstari utokee, halafu ile inayosaka HRP2, protini ya kimelea, hubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Matokeo yake unamwaga damu nzuri na kutunza mbovu.

Friji nayo isikudanganye. Nyuzi 2 hadi 6 zinahifadhi seli nyekundu, na kimelea kinaishi humo humo. Wiki mbili zikipita makali yanapungua, ila kwetu ni chupa ngapi zinakaa benki ya damu muda huo?

Wanaobeba vimelea bila kuumwa zaidi ni vijana, hasa wanafunzi wa bweni wasiolala kwenye chandarua, na baada ya masika. Bahati mbaya hao hao ndio wachangiaji wetu wakubwa, ukiwakataa umefunga benki. Swali la "umeumwa homa karibuni?" linamnasa mgonjwa, halimnasi mbebaji.

Kwa hiyo ulinzi uhamie kwa mpokeaji. Chukua BS (damu ya kutafuta vimelea kwa hadubini) kabla ya kumtundikia chupa, na namba ya chupa iandikwe kwenye faili. Homa ikija damu ikiwa bado inaingia, simamisha kwanza, fikiria mwili kuikataa damu. Ikija kati ya wiki ya kwanza na ya tatu, rudia BS siku hiyo hiyo, usisubiri, hasa kwa mtoto, mjamzito na mwenye selimundu. Bila ile BS ya mwanzo hutajua kama malaria imetoka kwenye chupa au mgonjwa alikuja nayo.